Bawabu wa Eindhoven

Mnamo mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, alitokea mhalifu wa mtandao ambaye, kila alipofaulu kujitwalia mamlaka ya juu katika kompyuta ya Unix, hakutosheka kuchungulia siri za watu, bali aliandika amri fupi, rm -rf /, ikafuta kila kilichohifadhiwa humo, ushahidi dhidi yake ukiwamo. Wietse Venema, aliyekuwa akiyachunguza masaibu hayo, alibaini kwamba adui alitumia huduma ya finger kutazama kutoka mbali ni nani yumo kazini.

Huduma hiyo, kama nyingi za zama hizo, iliamshwa na inetd, programu moja iliyosikiliza kwa niaba ya wenzake wote ili wasikae macho bure wakila kumbukumbu ya mashine. Lakini inetd haikumsaili mgeni atokako. Venema, badala ya kuziandika upya programu ambazo aghalabu wenye viwanda hawakutoa msimbo wake asilia, aliihamisha ile halisi, akaweka mahali pake, kwa jina lile lile, bawabu mdogo wa kunakili jina la kompyuta iliyobisha, kisha kumwachia mwenye kazi na kujiondokea. Ndiyo TCP Wrapper. Baadaye bawabu akapewa daftari mbili: husomwa kwanza hosts.allow, ya wanaoruhusiwa, kisha hosts.deny, ya wanaokataliwa, na asiyetajwa kokote huruhusiwa. Kwa hiyo msimamizi mwenye hadhari huandika ALL: ALL, yaani kila huduma kwa kila mgeni, katika ile ya pili.

Panos Tsirigotis naye aliunda xinetd, iliyojumlisha usikilizaji na ulinzi, ikiweza hata kuweka saa za kufungua huduma na kikomo cha wageni, na mwaka 2000 Red Hat Linux 7 ikaishika badala ya inetd. Ina fadhila zake, wala sizikanushi. Hata hivyo moyo wangu uko kwa Venema, kwa kuwa programu fupi husomeka yote, na yenye kusomeka yote huweza kuaminiwa kwa hoja.

Hoja hiyo ilitiwa mtihanini tarehe 21 Januari 1999, pale nakala ya TCP Wrapper iliyogawiwa kutoka Eindhoven kwenyewe ilipochafuliwa kwa siri, ikamfungulia mashine nzima kila aliyeingia akitokea poti 421. Walionusurika ni waliohakiki saini ya kidijitali ya Venema kabla ya kuisakinisha.

Hata hivyo zama zake zilipita: mwaka 2014 OpenSSH 6.7, programu ya kuingia kwa usalama katika kompyuta iliyo mbali, iliacha kumtumia bawabu huyo.