Dozi ya Kila Siku

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na msafiri wa Nachingwea au Ruangwa akapumzika na adha ya kusubiri kivuko. Watu wa kusini walikuwa wameizoea adha hiyo. Nachingwea yenyewe ni mji uliokuzwa na mpango wa karanga wa Waingereza. Ulijengewa reli kutoka Mtwara, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa.

Muziki haukungoja daraja. Mwaka huohuo wa 2003 Rehema Chalamila, binti wa Iringa aliyeanzia kwenye utangazaji wa redio, alitoa albamu ya Mapenzi Yangu kwa jina la Ray C. Mashabiki wakamwita kiuno bila mfupa. Mwaka uliofuata Albert Mangwea akatoka na a.k.a. Mimi, na Langa Kileo akaibuka pamoja na Witness na Shaa katika kundi la Wakilisha. Hawa ndio walioifanya Bongo Fleva iimbwe hata vijijini, kwenye redio za betri na kaseti za kuazimana.

Katika miaka hiyohiyo heroini ilikuwa imeshaota mizizi Dar es Salaam. Mwanzoni ilivutwa, baadaye ukaja unga mweupe unaoyeyuka upesi, na sindano zikaanza. Mtaani aliyenasa aliitwa teja, na hali ya kuukosa ikaitwa arosto. Arosto huanza saa chache tu baada ya dozi kuisha nguvu: makamasi yanatiririka, tumbo linaharisha, mifupa inauma, usingizi hauji. Mwili ukishatulia, huzuni hubaki, na wapo wanaotamani kufa. Uraibu huu ni ugonjwa wa ubongo na akili. Nasisitiza hivyo kwa sababu magazeti yetu yaliuandika kwa miaka mingi kama aibu ya mtu na familia yake.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni ya kuwatibu waraibu wa heroini, ya kwanza Tanzania Bara. Mwaka uliofuata Ray C, ambaye uraibu wake ulikuwa umeshaingia magazetini, alipata msaada wa matibabu kutoka kwa Rais Jakaya Kikwete, na Desemba 2012 akaenda Ikulu na mama yake kushukuru. Kwa maoni yangu, siku ile ilifanya kazi ambayo mabango mengi hayakuifanya: nchi ilimwona mwanamuziki inayempenda akitajwa kama mgonjwa anayetibiwa. Baadaye alianzisha taasisi ya kuwasaidia wenzake.

Tiba yenyewe haina makeke. Mgonjwa anafika dirishani, jina linahakikiwa, muuguzi anampimia dawa ya maji kwenye kikombe. Anainywa palepale, kisha anasemeshwa kidogo ili ijulikane kwamba ameimeza. Kesho anarudi, na keshokutwa, mwezi hadi mwezi, kwa wengine miaka.

Hapo ndipo ramani inapouma. Mwaka 2012, dirisha la namna hiyo kwa Tanzania Bara lilikuwa Dar es Salaam tu, zaidi ya kilomita 500 kutoka Nachingwea. Dawa inayonywewa kila siku haitibu mtu wa mbali hivyo, labda ahame kabisa, na kuhama kunataka chumba, chakula na ndugu wa kumpokea. Umbali huu una historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani waliwatunza wagonjwa wa akili kule Lutindi, milima ya Usambara. Waingereza wakajenga hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Kwa mtu wa Ruangwa, kote huko kulikuwa ugenini. Mgonjwa alibaki na familia na mganga, na jina la Mirembe likamfikia kama tusi kabla halijamfikia kama hospitali.

Tarehe 28 Mei 2013 Mangwea alifariki Johannesburg, akazikwa Morogoro. Langa, ambaye alikuwa ameuzungumzia uraibu wake hadharani, alifariki Muhimbili mwezi uliofuata. Mashabiki walikuwa bado katika msiba wa kwanza walipopata habari ya wa pili.

Na mgonjwa ambaye arosto inamfikisha kwenye kujaribu kujiua anakutana na sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kililetwa na Waingereza, nao kwao waliifuta sheria kama hiyo mwaka 1961, mwaka uleule bendera yao iliposhushwa Dar es Salaam. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kinachofanana na chetu, kinapingana na Katiba. Cha kwetu bado kimo kitabuni. Muuguzi wa Nachingwea anayempokea kijana aliyejaribu kujiua anampokea mgonjwa ambaye kisheria ni mtuhumiwa, na ndugu waliomleta wana sababu ya kuficha kilichotokea, hata pale ukweli huo ndio daktari anaouhitaji ili amtibu.