Futiboli na basketi katika vyuo vya Marekani: nani anaamua mchezo gani uachwe?

Tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka wa 1994, kijana Charlie Ward aliongoza ekipe ya futiboli ya chuo kikuu cha Florida State kuishinda Nebraska, pointi 18 kwa 16. Siku hiyo chuo hicho kilipata ubingwa wa Marekani nzima kwa mara ya kwanza. Majuma machache mbele ya pale, Ward alikuwa amepewa tuzo ya Heisman, ile ambayo kila mwaka hupewa mchezaji anayehesabiwa kuwa bora kuliko wote katika vyuo. Lakini mwezi wa 4 mwaka ule ule, ekipe za futiboli ya kulipwa, ni kusema ligi ya NFL, zilipochagua zaidi ya vijana 200 kutoka vyuoni, jina lake halikutajwa hata mara moja.

Sababu ilikuwa nini? Ward alikuwa pia mchezaji wa basketi wa chuo kile kile. Alikuwa amesema wazi kwamba kama ekipe za NFL hazimchagui katika duru ya kwanza, yeye anaweza kwenda kucheza basketi. Ekipe za futiboli zikaogopa kupoteza nafasi yao kwa mtu ambaye pengine hatakuja. Kwa wengine pia, urefu wake haukutosha kwa nafasi aliyocheza. Mwezi wa 6, New York Knicks ya ligi ya basketi ya NBA ikamchagua akiwa wa 26, na akacheza NBA miaka 11. Mwaka wa 1999 alifika fainali pamoja na Knicks, wakashindwa na San Antonio.

Huko Marekani, kila kijana mwenye kipaji cha michezo hii miwili anafika siku moja mahali pa kuulizwa: unabaki na gani? Mara nyingi jibu halitoki kwake peke yake. Linatoka kwa kalenda, kwa bourse, kwa kocha, na kwa franga.

Futiboli gani inasemwa hapa?

Huku Mashariki mwa Congo, mtu akisema "foot" kila mmoja anafikiri mpira wa miguu. Wamarekani wao wanauita mchezo huo soka. Kwao "futiboli" ni mchezo mwingine kabisa: wachezaji 11 kila upande, wamevaa kofia ngumu na vikinga vya mabega, wanabeba ao wanarusha kwa mkono mpira wenye umbo la yai, wakitafuta kufika mwisho wa kiwanja cha adui. Kugongana na kuangushana ni sehemu ya mchezo. Katika habari hii, neno futiboli ni la mchezo huo.

Jambo la pili la kufahamu: michezo hii miwili iko na mlango mmoja mkubwa wa kufika kwenye mishahara, nao ni chuo kikuu. Hakuna vilabu vya watoto sawa vile vya Ulaya. Kijana anacheza kwa shule ya sekondari, kisha chuo kinamwita na kumpa bourse, ni kusema kinamlipia masomo, nyumba na chakula. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi kinaitwa NCAA, kiliundwa mwaka wa 1906. Kwa kawaida mwanafunzi alipewa nafasi ya kucheza misimu minne ndani ya miaka mitano.

Kalenda inaruhusu, lakini kwa shida

Kwa kuangalia tarehe tu, michezo miwili inawezekana. Futiboli ya vyuo inaanza mwisho wa mwezi wa 8, mechi nyingi zikichezwa siku ya posho, na inaendelea mpaka mwezi wa 12 ao mwezi wa 1. Basketi inaanza mwezi wa 11 na inamalizika mwezi wa 3 ao mwanzo wa mwezi wa 4. Kwa hiyo misimu inagongana myezi miwili hivi.

Mfano wa Tony Gonzalez wa chuo kikuu cha California, mjini Berkeley, unaonyesha mwaka wa namna hiyo unavyokwenda. Siku ya Noeli mwaka wa 1996 alikuwa Hawaii na ekipe ya futiboli kwa mechi ya mwisho ya msimu. Mwezi wa 3 mwaka wa 1997 alikuwa katika mashindano makubwa ya basketi ya vyuo, ekipe yake ikafika kati ya 16 za mwisho. Mwezi wa 4, Kansas City Chiefs ya NFL ikamchagua akiwa wa 13 kati ya vijana wote. Katika muda huo wote, masomo yaliendelea.

Shida kubwa iko katika myezi isiyo na mechi. Wenye kucheza futiboli peke yake wanatumia majira ya baridi kuinua vyuma na kuongeza uzito, kisha wanafanya mazoezi ya kipindi cha kabla ya joto. Mwenye kucheza basketi anakosa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Tena anaingia katika ekipe ya basketi kwa kuchelewa, wenzake wakiwa wamekwisha kuzoeana. Mwili pia unavutwa huku na huku: futiboli inataka uzito wa kugongana, basketi inataka miguu myepesi ya kukimbia na kuruka kwa dakika 40. Kanuni za NCAA zinaweka saa 20 kwa juma kuwa mwisho wa mazoezi ya lazima wakati wa msimu, lakini safari na uchovu hazihesabiwi ndani.

Bourse inahesabiwa upande gani?

Hapa ndipo penye jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kwa miaka mingi, vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kutoa bourse 85 za futiboli na 13 tu za basketi ya wanaume. Makocha wa futiboli wangeweza kufanya ujanja, kuandika wachezaji wao chini ya mchezo mwingine ili wapate watu zaidi ya 85. Kwa kuzuia hilo, NCAA iliweka kanuni: mwenye bourse ya michezo anayecheza futiboli na mchezo mwingine anahesabiwa upande wa futiboli.

Matokeo yake yakawa haya. Kocha wa basketi alimpata mchezaji bila kutumia hata bourse moja kati ya 13 zake. Kocha wa futiboli ndiye "aliyelipa". Basi kocha wa futiboli akawa na sauti kubwa ya kusema ndiyo ao hapana. Julius Peppers, aliyecheza chuo cha North Carolina, alikuwa na bourse ya futiboli, na katika basketi alikuwa mchezaji wa nyongeza asiye na bourse ya mchezo huo. Hata hivyo alikuwa katika ekipe ya basketi iliyofika nusu fainali ya mwaka wa 2000. Mwaka wa 2002 Carolina Panthers ikamchagua akiwa wa pili katika NFL.

Kwa wengine kocha alikataa. Antonio Gates alipomaliza sekondari mjini Detroit alitaka kucheza yote mawili. Katika chuo chake cha kwanza alielezwa kwamba lazima ashike futiboli peke yake. Akaondoka, akapita katika vyuo vingine, mwishoni akafika Kent State na kucheza basketi peke yake. Kwa miaka yake yote ya chuo hakucheza mechi hata moja ya futiboli.

Jim Brown na mlango uliofungwa kwa sababu ya rangi

Kuna wakati sababu ya kuacha mchezo haikuwa kalenda wala bourse. Jim Brown aliingia chuo kikuu cha Syracuse katika miaka ya 1950. Alicheza futiboli, basketi, riadha, na lakrosi, mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu. Katika basketi, msimu wake wa kwanza na ekipe kubwa alipata pointi 15 hivi kwa kila mechi. Katika futiboli, mwezi wa 11 mwaka wa 1956 alipata pointi 43 peke yake katika mechi moja dhidi ya Colgate.

Lakini msimu wake wa mwisho hakurudi katika basketi. Brown mwenyewe alieleza kwamba kulikuwa na kanuni isiyoandikwa: weusi wengi hawakupaswa kuanza mechi pamoja, hata kama wanaweza kuliko wengine. Ekipe tayari ilikuwa na weusi wengine wenye uwezo. Mwaka wa 1957, Syracuse bila Brown ilikaribia nusu fainali ya mashindano ya inchi nzima, ikasimamishwa na North Carolina iliyochukua ubingwa. Watu wa Syracuse waliendelea kujiuliza ingekuwaje kama Brown angekuwa kiwanjani. Yeye akaenda NFL na Cleveland Browns, akawa mmoja kati ya wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huo, na baadaye sauti yenye kusikilizwa juu ya haki za weusi Marekani.

Kipaji cha basketi kinasaidia nini katika futiboli?

Katika futiboli kuna nafasi inayoitwa taiti endi. Mwenye kuicheza lazima awe mkubwa wa kuzuia adui kwa mwili wake, tena mwepesi wa kukimbia na kudaka mpira. Ni kazi inayofanana sana na ile ya mchezaji wa basketi wa chini ya ringi: kuweka mgongo kati ya adui na mpira, kupima muda wa kuruka, kudaka juu ya vichwa vya watu.

Gonzalez, mwenye urefu wa m 1,96, alicheza misimu 17 katika NFL na kudaka mipira 1325. Gates, ambaye ekipe za NBA zilimwona mfupi kwa nafasi yake, alijaribiwa na San Diego Chargers mwaka wa 2003 bila hata kuchaguliwa katika drafti. Alibaki na klabu hiyo misimu 16 na kufunga mara 116, kuliko taiti endi mwingine yeyote katika historia ya NFL. Jimmy Graham alicheza basketi miaka minne katika chuo cha Miami, akaongeza mwaka mmoja tu wa futiboli, na mwaka wa 2010 New Orleans Saints ikamchukua. Yeye alikuwa na desturi ya kusherehekea kwa kuingiza mpira juu ya mti wa goli kama vile ni ringi ya basketi. Mwezi wa 11 mwaka wa 2013 aliupindisha mti huo, mechi ikasimama ili urekebishwe. Mwaka uliofuata NFL ikapiga marufuku sherehe hiyo.

Kumbe mchezo ambao mtu aliambiwa auache unaweza kuwa ndio uliomfundisha kazi yake.

Kwa nini leo ni wachache?

Zamani haikuwa ajabu. Terry Baker wa Oregon State alipata tuzo ya Heisman ya mwaka wa 1962, na myezi michache kisha akacheza nusu fainali ya basketi ya vyuo. Leo kila mchezo unataka mwaka mzima, na watoto wanaambiwa wachague wakiwa bado sekondari.

Franga nazo zimebadilika. Tangu mwezi wa 7 mwaka wa 2021, wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na picha yao katika matangazo. Tangu mwezi wa 7 mwaka wa 2025, kisha mapatano yaliyokubaliwa na tribinali, vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato yao, na vyuo vinavyofuata mapatano hayo vinahesabu idadi ya wachezaji badala ya bourse: 105 kwa futiboli, 15 kwa basketi. Chuo kinacholipa kinataka pia kulinda kile kinacholipia, na jeraha la basketi linaweza kuharibu msimu wa futiboli.

Jambo hili linagusa pia familia nyingi zilizotoka Mashariki mwa Congo kama wakimbizi na sasa watoto wao wanasoma Marekani. Wacongo wamekwisha kupita njia zote mbili, kila mmoja na mchezo wake: Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alipitia futiboli ya chuo cha Michigan mpaka NFL mwaka wa 1996, na Dikembe Mutombo alifika Georgetown mwaka wa 1987 akiwa na shabaha ya kusoma udaktari, basketi ikaja kisha. Mutombo aliondoka na diplome mkononi mbele ya kuingia NBA.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anapendwa na makocha wawili, maswali ya kuuliza mbele ya kutia sahihi ni haya: bourse hii ni ya mchezo gani? Je, kocha anakubali kwa maandishi mchezo wa pili? Mtoto akiumia, nani anaendelea kulipa masomo? Na akiacha mchezo mmoja, bourse inabaki? Ahadi ya mdomo inaweza kuondoka na kocha siku anapohamia chuo kingine. Karatasi inabaki.