Herufi za Karatasi ya Hospitali

Mkazi wa Wamunyu, kaunti ya Machakos, akienda kutibiwa hurudi nyumbani na karatasi. Awe ametoka zahanati ya karibu, hospitali ya Mwala au ile kubwa ya Level 5 mjini Machakos, karatasi hiyo huwa na maneno machache na herufi tele: BP, RBS, MPS, TDS, 5/7, TCA. Herufi hizo hazina chimbuko moja. Za dawa ni Kilatini, nyingi za maabara ni Kiingereza, kadhaa ni majina ya wanasayansi wa Ulaya waliokufa zamani, na nyingine zilizaliwa juzijuzi katika miradi ya serikali. Anayetaka kuzisoma hana budi kwanza kujua ziliandikwa katika chumba gani.

LDL yaonyesha jambo hilo vizuri. Kwenye majibu ya kipimo cha mafuta ya damu, LDL ni ile kolesteroli inayojazana kwenye kuta za mishipa, na namba yake ikipanda ni habari mbaya. Kwenye kliniki ya CCC, inayohudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, herufi zizo hizo zinasema kwamba virusi vimepungua kiasi cha mashine kushindwa kuviona. Hakuna jibu jema kuliko hilo katika chumba hicho. Mtu mwenye karatasi zote mbili mfukoni anaweza kulia pa kuchekea.

Tuanze na dirisha la dawa, maana hapo ndipo kosa la kusoma huingia mwilini moja kwa moja. Kilatini kilikuwa lugha ya waganga wa Ulaya kwa karne nyingi, na mabaki yake hayajaondoka. Alama ya Rx iliyo juu ya maagizo ni neno recipe, yaani “chukua”, amri kwa mtengeneza dawa. BD ni bis die, mara mbili kwa siku. TDS ni ter die sumendum, ya kumezwa mara tatu kwa siku, na QID ni mara nne. Nocte ni usiku, stat ni sasa hivi, na PRN ni pro re nata, yaani meza haja ikitokea, maumivu yakizidi kwa mfano. OD ni mara moja kwa siku, lakini kwa daktari wa macho herufi hizo ni oculus dexter, jicho la kulia, na kwa wahudumu wa dharura ni mtu aliyezidisha dawa. Kwa maoni yangu OD ingestahili kustaafu leo. Wataalamu wa usalama wa dawa nchini Marekani wameiweka katika orodha ya vifupisho vya kuepukwa, pamoja na U ya yuniti za insulini, kwa sababu 10U iliyoandikwa kwa haraka husomeka 100, na dozi hiyo inaweza kuua.

Baada ya Kilatini huja sehemu. 5/7 ni siku tano, kwa kuwa wiki ina siku saba. 2/52 ni wiki mbili, kwa kuwa mwaka una wiki 52. 3/12 ni miezi mitatu. TCA 4/52, maandishi ambayo kila muuguzi wa Kenya huyajua, humwambia mgonjwa arudi baada ya wiki nne. Daktari wa magonjwa ya akili atakayeona TCA peke yake anaweza kuidhani kuwa kundi la dawa za zamani za sonona.

Kwenye bahasha ndogo ya vidonge Kilatini hutoweka na kubaki hesabu: 1×3, 2×2, 4×2. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Ufupisho huu ni rahisi kuandika na ni mbovu kwa kueleza, kwa sababu hauonyeshi saa. Chukua AL, dawa ya malaria ambayo sera ya Kenya iliichagua mwaka wa 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria ya kawaida, na ikaanza kufika vituoni mwaka wa 2006. A ni artemeta na L ni lumefantrini. Mtu mzima hupewa vidonge 24, vinne kila mara, dozi sita kwa siku tatu, na bahasha huandikwa 4×2. Lakini dozi ya pili inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha zilizobaki ni asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata. Tena imezwe na chakula, hasa chenye mafuta, ndipo lumefantrini inyonywe vizuri. Hayo yote hayamo ndani ya 4×2. TDS nayo ina shida ya aina hiyo: ni kila baada ya saa nane, ila watu wengi humeza asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha usiku mzima unapita bila dawa.

Chumba cha vipimo kina namba zaidi ya herufi, na namba bila kipimo chake haina maana. BP, ambayo watu huiita presha, hupimwa kwa mmHg, milimita za zebaki. Hg yatoka hydrargyrum, jina la kale la zebaki lenye maana ya maji ya fedha. Presha inayobaki 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti huitwa HTN. Hb ni himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kwa mjamzito, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu. RBS ni sukari iliyopimwa wakati wowote, FBS ni ya mtu aliyelala bila kula. Kisukari huanza kutajwa FBS ikifika 7.0, au RBS ikifika 11.1 pamoja na dalili, na kipimo ni milimoli kwa lita. Marekani hutumia miligramu kwa desilita, ambapo 7.0 inakuwa 126, kwa hiyo aliye na ndugu huko ng'ambo asilinganishe namba kwa simu kabla ya kuuliza kipimo. Kisukari huandikwa DM, na jina lake refu, diabetes mellitus, nalo ni la Kigiriki na Kilatini: la kwanza kupitiliza, kwa sababu ya mkojo mwingi, la pili tamu kama asali, kwa sababu madaktari wa zamani waliuonja mkojo huo.

Viambishi vya Kigiriki vinafaa kukaririwa na yeyote anayemuuguza mgonjwa wa kisukari. Hyper ni juu ya kawaida na hypo ni chini yake. Herufi za mwisho tu ndizo zinazotofautisha, lakini mwenye sukari ya chini anahitaji kitu kitamu mara moja, na mwenye sukari ya juu kitu hicho kitamzidishia. Neno likiishia kwa itis kuna uvimbe wenye joto na maumivu; likiishia kwa oma aghalabu ni uvimbe unaokua; ectomy ni kukata na kutoa.

MPS ni vijidudu vya malaria vinavyotafutwa kwa darubini, na mRDT ni kile kipimo cha kijiti chenye mistari. Mstari mmoja kwenye C ni kuonyesha kijiti kinafanya kazi; mstari wa pili ndio malaria. Mstari ukikosekana kwenye C, kijiti ni kibovu hata kama ule mwingine umetokea.

Kipimo kinachonisumbua ni Widal. Hicho si kifupisho. Ni jina la Georges-Fernand Widal, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka wa 1896. Majibu yake huja na herufi O na H na uwiano kama 1:80 au 1:160. Herufi hizo ni za Kijerumani. Watafiti waliotazama bakteria zikikua kwenye sahani waliona baadhi zikitanda kama mvuke wa pumzi juu ya kioo, wakaziita Hauch, pumzi. Zisizotanda zikawa ohne Hauch, bila pumzi. Hivyo H ni kingamwili dhidi ya mikia ya bakteria, na O ni dhidi ya mwili wake. Shida ni kwamba mtu aliyewahi kuugua, aliyechanjwa, au mwenye maambukizi mengine kabisa anaweza kuonyesha kingamwili hizo. Kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kumwambia mtu ana homa ya matumbo. Kuotesha damu maabara kunaaminika zaidi. Hata hivyo Wakenya wengi wamemeza antibayotiki kwa sababu ya 1:160 moja tu.

Kijitabu cha mama na mtoto kina lugha yake. LMP ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na EDD ni tarehe inayotarajiwa ya kujifungua. Ya pili hupatikana kwa kuongeza siku saba kwenye ya kwanza, kurudi nyuma miezi mitatu na kuongeza mwaka mmoja, kanuni ya Naegele, mkunga-daktari Mjerumani. Para 2+1 ni mama aliyezaa mara mbili na kupoteza mimba moja, si mama wa watoto watatu. VDRL ni kipimo cha kaswende, na jina lake ni la maabara ya Marekani iliyokitengeneza. BCG ni bakteria ya Calmette na Guérin, Wafaransa wawili ambao chanjo yao ilitumiwa kwa mtoto mara ya kwanza mwaka wa 1921. MUAC ni mzunguko wa mkono wa juu unaopimwa kwa utepe: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali.

Kifua kikuu kimeandikiwa fomula: 2RHZE/4RH. Ni miezi miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. R ni rifampisini, inayougeuza mkojo rangi ya chungwa bila madhara. H ni isoniazidi, kutokana na neno hidrazidi katika jina lake la kikemia. Z ni pirazinamidi. E ni ethambutoli.

Kuna vifupisho vilivyotungwa ili msomaji wa kawaida asielewe. RVD na ISS huandikwa mahali pa virusi vya Ukimwi, na kifua kikuu huitwa Koch, kwa jina la aliyegundua bakteria yake mwaka wa 1882. Nia ilikuwa kuficha siri ya mgonjwa kwa macho ya wengine, lakini mara nyingi anayefichwa ni mwenyewe. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa, hata kama ni Kikamba.

Kilatini na Kigiriki havikai hospitalini tu; majina ya miti nayo yana kanuni yake. Wachongaji wa Wamunyu, ambao ufundi wao huhusishwa na Mutisya Munge aliyeujifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, huchonga mpingo, ambao kwa wanabotania ni Dalbergia melanoxylon, neno la pili likiwa “mbao nyeusi” kwa Kigiriki, na mwarobaini, Azadirachta indica A. Juss. Herufi za mwisho ni za mtu, Adrien de Jussieu, aliyeuweka mti huo kwenye jenasi hiyo. Anayewashwa ngozi kwa vumbi la mpingo afike kliniki na jina la kisayansi la mti huo, kwa kuwa daktari ataweza kulitafuta.

Lakini nje ya karatasi ya hospitali, kifupisho kilichoacha makaburi Ukambani ni ppb, kipimo cha sumu kwenye chakula. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Jina hilo limeunganishwa kutoka Aspergillus flavus, kuvu ya manjano, na neno la sumu. Aina zake B na G zilipewa herufi kwa rangi zinazong'aa chini ya taa ya miale ya urujuanimno: bluu na kijani, kwa Kiingereza. ppb ni sehemu moja katika bilioni. Kikomo cha Kenya wakati huo kilikuwa 20. Zaidi ya nusu ya sampuli zilizopimwa zilikipita, na nyingine zilipita 1,000. Leo kikomo ni 10, ambacho katika gunia la kilo 90 ni miligramu 0.9 tu, wakati tembe moja ya panado ina miligramu 500. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa. Wala haipotei kwa kumpa ng'ombe mahindi yaliyooza: ini lake huigeuza B1 kuwa M1, na M hiyo imewekwa kwa sababu ya maziwa, inamotokea.