Vijeba, mamluki na kadi ya kliniki (Sehemu ya 6)

Wiki iliyopita tulimalizia chanjo. Leo tunaingia uwanjani. Najua wapo watakaouliza, nesi na mpira wapi na wapi? Nisomeni hadi mwisho.

Kila mwaka watoto wetu wanashindana kuanzia shuleni, kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Msingi wana UMITASHUMTA, sekondari wana UMISSETA. Na kila mwaka yanasikika maneno mawili: kijeba na mamluki. Kijeba ni mtu mzima aliyechomekwa kwenye timu ya watoto kwa umri wa kudanganya. Mamluki ni mchezaji wa kuazima: si mwanafunzi wa shule ile, kaletwa kwa ajili ya mechi tu. Watu wanacheka, "huyo beki ana watoto wawili nyumbani!" Ila historia inaonyesha kicheko hicho kina gharama.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, michezo hii ya shule ilisimamishwa, na ikapita miaka kadhaa kabla ya kurudi. Katika kipindi hicho hicho timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu fainali za Afrika za 2005 nchini Gambia. Nchi ilifurahi kweli. Furaha haikudumu. CAF iliiondoa Tanzania kwa kosa la kuchezesha mchezaji aliyezidi umri, na nafasi ikaenda Zimbabwe. Hebu fikiria wale vijana wengine kikosini, waliokuwa na umri halali na waliotoka jasho la haki. Nao walibaki nyumbani. Nafasi ya chini ya miaka 17 ukiikosa hairudi, maana mwaka unaofuata umeshakua.

Miaka kumi na kitu baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 2016 Serengeti Boys waliifunga Congo Brazzaville 3-2 hapa nyumbani, wakafungwa 1-0 kule kwao, wakatolewa kwa goli la ugenini. Tanzania ikalalamikia umri wa mchezaji mmoja wa Congo. CAF ikaagiza apimwe, hakuletwa kwenye kipimo, na mapema 2017 Congo ikaondolewa. Vijana wetu wakaenda Gabon, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0. Safari hii sheria ile ile iliyotuliza ndiyo iliyotubeba.

Mwaka 2019 fainali zikachezwa kwetu, Dar es Salaam. Guinea walifika hadi fainali, kisha ikabainika wametumia wachezaji wawili wenye umri usio sahihi. Tiketi yao ya Kombe la Dunia Brazil wakapewa Senegal.

Sasa hapo kwenye kipimo ndipo nesi anapoingia. Mtoto anayekua ana gegedu laini karibu na ncha za mifupa yake mirefu, na mfupa hurefuka kutokea hapo. Ujana ukifika mwisho, gegedu lile linageuka mfupa na kufunga. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009, FIFA hutumia MRI kuangalia mfupa pale mkono unapokutana na kiganja. Kama umefunga kabisa, uwezekano wa kijana kuwa chini ya miaka 17 ni mdogo sana. MRI hutumia sumaku, haina mionzi kama eksirei, ndiyo maana inafaa kwa kijana asiye mgonjwa. Lakini haisomi tarehe ya kuzaliwa. Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Na tuambiane ukweli, hakuna atakayeleta MRI kwenye mashindano ya kata. Kwenye kata kinachomlinda mtoto ni karatasi.

Gegedu hilo hilo ndilo sehemu dhaifu ya mfupa wa mtoto. Mtoto wa miaka 13 akigongana na mtu wa miaka 19, anaweza kuumia pale pale mfupa unapokulia, na jeraha la hapo likipuuzwa linaweza kuacha mkono au mguu umepinda au mfupi. Kwa hiyo kijeba anachukua kombe, na anaweza kuondoka na mguu wa mtoto wa mwenzio.

Vipi kuhusu shule zinazotafuta wachezaji? Hapa tusichanganye mambo. Shule ya sekondari ya Makongo, Dar es Salaam, chini ya Kanali Idd Kipingu, ilipata jina kubwa kwa kukusanya vijana wenye vipaji. Uganda kuna St Mary's Kitende, shule binafsi inayosifika kwa soka. Kijana wa familia isiyo na ada akisomeshwa kwa sababu ya mguu wake, hiyo ni neema. Lakini nayo ina mipaka. Mwishoni mwa 2018 kule Auckland, New Zealand, shule za raga ziligoma kucheza na shule binafsi ya Saint Kentigern, zikiilalamikia kuchukua wachezaji waliokwisha kuiva kwingine. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kama mwenye hela ananunua timu nzima, wengine wanashindana na nini?

Mimi nina swali moja la kupimia: msimu ukiisha, mtoto bado yuko darasani? Kama yupo, anasoma na anafanya mitihani, amepewa nafasi. Kama amerudishwa kwenu na begi lake, aliazimwa.

Sisi Songwe tuna bahati moja. Mwaka 2013 RITA ilipoanza kusajili watoto chini ya miaka mitano mkoani Mbeya, bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, huku kwetu kulikuwa bado ndani ya Mbeya. Mkoa wetu ulikuja kuanzishwa 2016. Watoto waliosajiliwa wakati ule sasa ndio wako sekondari, ndio wanaocheza.

Basi mama, fanya haya. Tunza kadi ya kliniki hata mtoto akishamaliza chanjo. Chukua cheti mapema na hakikisha jina na tarehe vinalingana na vya shuleni. Akija mtu kukwambia "tupunguze miaka miwili tu, atatoka kimaisha", kataa. Tarehe hiyo itamfuata kwenye mtihani, kitambulisho cha NIDA na pasipoti, na siku ya kuulizwa mwenye mpango hatakuwepo. Akija mwalimu wa shule ya mbali, muulize ada nani analipa, akiumia nani anamtibu, na asipopangwa kwenye timu ataendelea kusoma? Majibu yaandikwe.

Wiki ijayo, Sehemu ya 7: mtoto akiteguka uwanjani, nini ufanye kabla ya kufika hospitali, na kwa nini usimkande kwa maji ya moto siku ya kwanza.