Mwenye timu ni nani? Hasira za mashabiki na mipaka ya kura yao

MASHABIKI wa soka wa Litembo, wilayani Mbinga, wako zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara kutoka mitaa ya Msimbazi na Jangwani, Dar es Salaam, yaliko makao makuu ya Simba na Yanga. Hata hivyo, timu ikifungwa, ghadhabu haikawii kufika. Katika vibanda vya kuonyeshea mpira vya milima ya Umatengo, na kule chini Mbamba Bay na Liuli kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, hoja huwa ile ile: "mwenye timu" aondoke, au "mwenye timu" atoe fedha.

Hoja hiyo hubeba swali gumu kuliko inavyoonekana. Klabu kongwe za Tanzania hazikuanzishwa na mtu mmoja, wala hazikuwa mali ya mtu. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 ni klabu za wanachama. Matajiri walikuja baadaye, kila mmoja kwa mlango wake, na shabiki mwenye hasira mara nyingi hajui ni mlango upi wa kuwatolea.

Watu watano, majina matano

Katika mazungumzo ya kawaida, mtu yeyote anayelipa mishahara ya wachezaji huitwa mwenye timu. Kwa mujibu wa taratibu, kuna nafasi tano zinazotofautiana.

Mfadhili hutoa fedha kwa mapenzi yake na hadai hisa. Akichoka, huondoka na hakuna anayeweza kumshitaki. Mdhamini hulipa kwa mkataba ili jina la bidhaa zake lionekane, na mkataba ukiisha, uhusiano nao huisha. Mwekezaji hununua hisa na kupata viti katika bodi. Kiongozi wa kuchaguliwa, awe mwenyekiti au rais, hupata madaraka kwa kura za wanachama. Mmiliki ndiye mwenye klabu yote, na hana mwanachama wa kumuuliza.

Shabiki wa kawaida hayumo miongoni mwa hao watano. Hata kama amevaa jezi miaka 20, asipokuwa na kadi hai ya uanachama hana kura. Hapo ndipo manung'uniko mengi hupotelea: kelele hupigwa na mashabiki, uamuzi hufanywa na wanachama, na fedha huwa mikononi mwa mtu wa tatu.

Yanga: kutoka mabao matano hadi bakuli

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mei 6, 2012, siku Simba ilipoifunga Yanga mabao 5-0. Mwenyekiti wa Yanga wakati huo, Lloyd Nchunga, alikuwa amechaguliwa mwaka 2010. Kipigo hicho kilikuta mgogoro ukiwa tayari umewaka, wazee wa klabu wakimtaka aondoke. Kabla ya mwezi huo kwisha, Nchunga alijiuzulu.

Nafasi yake ilichukuliwa na Yusuf Manji, mfanyabiashara aliyekuwa mfadhili wa klabu kwa miaka kadhaa. Julai 2012 wanachama walimchagua kuwa mwenyekiti. Kwa hatua hiyo, mtoa fedha na mchaguliwa wakawa mtu mmoja. Matunda yalionekana uwanjani: Yanga ilitwaa ubingwa wa Bara katika misimu ya 2012/13, 2014/15, 2015/16 na 2016/17.

Agosti 2016, Manji alipeleka kwa wanachama pendekezo la kukodishwa timu na nembo kwa miaka 10. Mkutano wa dharura uliridhia. Upinzani ulitoka nje ya ukumbi, hususan Baraza la Michezo la Taifa (BMT), na mpango huo haukutekelezwa. Mei 2017 Manji alijiuzulu.

Kilichofuata ni somo kwa kila shabiki anayepiga kelele za kumwondoa tajiri bila kujua nani atalipa mishahara mwezi unaofuata. Mishahara ilichelewa, wachezaji waligoma, na katika msimu wa 2018/19 klabu ilifikia hatua ya kuomba michango ya mashabiki, zoezi lililohimizwa na kocha Mwinyi Zahera na ambalo mitaani liliitwa kutembeza bakuli. Juni 2018, mkutano mkuu ulikataa kuridhia kujiuzulu kwa Manji, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kuondoka. Wanachama walikuwa wanamtaka mtu ambaye hakuwepo. Manji alifariki dunia Juni 2024 nchini Marekani.

Yanga ilirejea kwenye nguvu zake baada ya kampuni ya GSM kuingia kama mdhamini. Mwaka 2021 wanachama walipitisha mabadiliko ya katiba, na Julai 2022 Hersi Said alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa klabu chini ya mfumo mpya.

Simba: Sh20 bilioni na viti vya pande mbili

Kwa upande wa Msimbazi, njia ilikuwa tofauti. Desemba 3, 2017, wanachama walitangaziwa kwamba Mohammed Dewji ndiye mshindi wa zabuni ya uwekezaji, kwa ahadi ya Sh20 bilioni. Baada ya Serikali kusimamia kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa, sehemu ya mwekezaji ikawa asilimia 49.

Kwa miaka kadhaa swali la iwapo fedha hizo zimewekwa liliulizwa hadharani, na mwaka 2021 Dewji alitangaza kuzikabidhi. Wakati huo huo Simba ilikuwa imetwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na mwenye kombe mkononi haulizwi sana juu ya hesabu.

Maswali yalirudi makombe yalipohama. Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba mabao 5-1, na mwisho wa msimu huo Simba ilimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Juni 2024 wajumbe wa bodi wa upande wa mwekezaji walijiuzulu, Salim Abdallah aliyejulikana kama Try Again akaachia uenyekiti wa bodi, na Dewji akarejea kuushika.

Wakati huo, sehemu kubwa ya hasira haikumlenga mwekezaji. Ilimwangukia Murtaza Mangungu, mwenyekiti wa upande wa wanachama, ambaye baadhi ya mashabiki walimtaka ajiuzulu. Mangungu alibaki. Wajumbe wa mwekezaji hubadilishwa kwa uamuzi wa mwekezaji, lakini aliyechaguliwa kwa kura huondolewa kwa kura au kwa hiari yake. Kelele za barabarani hazimo katika katiba.

Tukio hilo laonyesha pia tabia ya soka la nchini. Tajiri hulaumiwa kwa nusu sauti, kwa kuwa kila mtu anahofia akiondoka. Lawama hushukia walio kati: katibu, msemaji, kocha, mwenyekiti. Hao huondoka, na muundo uliozaa tatizo hubaki ulivyo.

Klabu yenye mwenyewe

Zipo klabu ambazo swali la mwenye timu lina jibu moja tu. Azam FC ni mali ya kundi la kampuni za Bakhresa. Ina uwanja wake Chamazi, na ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Mashabiki wake hawana mkutano mkuu wa kumng'oa mtu, lakini pia hawajapata kutembeziwa bakuli.

Upande wa pili wa umiliki ulionekana Mbarali, mkoani Mbeya. Novemba 29, 2022, timu ya Ihefu iliifunga Yanga mabao 2-1 kwenye Uwanja wa Highland Estates na kukata mwenendo wake wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Wilaya ya wakulima wa mpunga ikawa gumzo la nchi nzima. Kabla ya miaka miwili kwisha, timu ilihamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina na kuitwa Singida Black Stars. Katika kipindi hicho hicho Singida Fountain Gate nayo iliondoka Singida na kuwa Fountain Gate.

Kwa mashabiki wa Mbarali hapakuwa na mkutano wa kupinga. Timu waliyoiimba ilikuwa mali ya mtu mwingine, na mali huhamishwa.

Majimaji: klabu isiyo na tajiri

Kwa wananchi wa Mbinga na Nyasa, jambo hili lina sura ya nyumbani. Timu ya mkoa wa Ruvuma ni Majimaji ya Songea, maarufu kwa jina la Wanalizombe, iliyochukua jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Timu za Dar es Salaam zilipolazimika kusafiri hadi Uwanja wa Majimaji, safari haikuwa ya matembezi.

Majimaji ilishuka kutoka Ligi Kuu msimu wa 2010/11, ikarejea msimu wa 2015/16, na ikashuka tena msimu wa 2017/18 pamoja na Njombe Mji. Ni miaka hiyo hiyo ambapo gharama za kushindana na klabu zenye matajiri zilikuwa zikipanda. Usajili, kambi, na safari ndefu za kutoka Songea kwenda Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam havilipwi kwa viingilio vya mlangoni pekee.

Hivyo shabiki wa Litembo ameonja shubiri ya aina mbili. Klabu ya mkoa wake iliporomoka bila tajiri wa kulalamikiwa. Klabu anayoishangilia Dar es Salaam ina tajiri, lakini yeye hana njia ya kumfikia. Ni kwa sababu hiyo wako wengi wanaosema heri tajiri mbaya kuliko kukosa kabisa, na wengine wanaojibu kwamba klabu ya mtu mmoja haina kesho.

Wenzao wa ng'ambo

Mashabiki wa Tanzania si wa kwanza kukabiliwa na swali hili. Familia ya Glazer ya Marekani ilipoinunua Manchester United mwaka 2005 kwa fedha za mkopo na kuibebesha klabu deni hilo, baadhi ya mashabiki walijitenga na kuanzisha klabu yao, FC United of Manchester. Mei 2, 2021, maandamano yaliyoingia hadi ndani ya Uwanja wa Old Trafford yalisababisha mchezo dhidi ya Liverpool kuahirishwa. Mwaka 2024 Jim Ratcliffe alinunua zaidi ya robo ya hisa, lakini wingi wa kura ulibaki kwa familia. Miaka karibu 20 ya kupinga haikumwondoa mwenye hisa.

Ujerumani ilikwenda njia nyingine. Kanuni yao, inayofanana na ile ya asilimia 51 ya Tanzania, huwataka wanachama wabaki na wingi wa kura katika klabu. Chombo cha kuendesha ligi kilipotaka kuuza sehemu ya mapato ya matangazo kwa mwekezaji, mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani na kusimamisha michezo wiki baada ya wiki. Februari 21, 2024, mpango ulifutwa. Nyuma ya mipira hiyo kulikuwa na wanachama wenye kura, na viongozi wa klabu walilijua hilo.

Kutengana si jambo geni hata hapa nchini. Mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970 ndio uliozaa Pan African, klabu iliyotwaa ubingwa mwaka 1982.

Asilimia 51 ina uzito gani?

Kwa maandishi, mwanachama wa Tanzania ana nguvu kuliko shabiki wa Manchester. Kwa vitendo, asilimia 51 huwa na uzito pale tu masharti fulani yanapotimizwa. Mageuzi ya Simba yaliyoanza na zabuni ya mwaka 2017 yalikuwa hayajakamilika hadi mwaka 2024. Na ambako umiliki haujakamilika kisheria, ni vigumu kumhoji mtu kwa hisa zake.

Sharti la kwanza ni uanachama wenyewe. Klabu yenye mamilioni ya mashabiki na wanachama wachache huendeshwa na hao wachache. Shabiki wa Litembo anayelipia king'amuzi, jezi na kiingilio cha kibanda tayari anaichangia klabu. Asipokuwa na kadi hai na tawi, mchango huo hauna sauti.

La pili ni hesabu. Mkutano mkuu wa mwaka unapofanyika kwa wakati na taarifa ya fedha iliyokaguliwa ikasomwa, mwanachama hujua mwekezaji ametoa kiasi gani, na kama ni mtaji au ni deni. Jambo hilo la mwisho ni zito: fedha zilizoingia kama mkopo hudaiwa siku mtoaji anapoondoka.

La tatu ni usimamizi. Vyama na klabu za michezo husajiliwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na Msajili ndiye mwenye kumbukumbu za katiba zao. Mwanachama anayeona katiba imekiukwa ana mahali pa kupeleka malalamiko, mbali na barazani na kwenye kibanda cha mpira.

Masharti hayo hayavutii kama bao la dakika za majeruhi, na hakuna anayeyaimba uwanjani. Lakini Yanga waliyajua makali yake walipobaki na bakuli, na Mbarali waliyajua walipoamka timu imehama. Shabiki anayetaka mwenye timu aondoke, kwanza hana budi kuuliza kama yeye mwenyewe ameandikwa katika daftari la klabu hiyo.