Msuko wa Vigae, Wala Si Mwanguo

Kuangua, katika Kiswahili cha Masisi, hapa Kivu Kaskazini ya Kongo, kama katika kile cha Unguja, ni habari ya yai na kifaranga chake, au ya nazi inayoshushwa kutoka mnazini. Hata hivyo ipo kamati ya istilahi ambayo katika orodha yake inataka mwanafunzi anayejifunza kuchora ramani ya nyumba kwa programu ya AutoCAD aseme "mwanguo wa vigae" anapojaza sakafu ya chumba kwa mistari inayojirudia. Kosa hilo lingeepukwa kwa kufungua kamusi ya asili za maneno kwa dakika tano. Kazi hiyo kwa Kiingereza huitwa hatch, na Waingereza wana maneno matatu yanayoandikwa hivyo, yasiyo na undugu. La kwanza ni la yai. La pili ni la mlango mdogo wa sakafuni au wa sitaha ya meli. La tatu, ambalo ndilo la wachoraji, walilichukua kwa Wafaransa: hacher, kukatakata, kutokana na hache, shoka. Mchonga sahani ya shaba alikata mikato myembamba iliyokaribiana ili kuonyesha kivuli, na mikato hiyo ikabaki na jina la shoka. Kamati iliyochagua yai haikutafsiri dhana. Ilitafsiri tahajia.

Waliofungua kamusi nao walikimbilia "mchanjo", kwa kuwa kuchanja ni kukata kijuujuu kama anavyokata mtu chale. Hoja hiyo naiheshimu, maana ina uaminifu kwa asili ya neno. Lakini istilahi haiishi ndani ya asili ya neno la kigeni. Huishi vinywani mwa watu, na kinywani mwa mtu wa Kivu Kaskazini mzizi huu umeshapangishwa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 haukumalizika rasmi hadi tarehe 25 Juni 2020, na mnamo Agosti 2019 ulifika Pinga, ndani ya Walikale, katika jimbo hilo hilo. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa katika mlipuko ule. Chanjo hapa ni sindano, ni foleni, ni mabishano ya kijiji kizima. Kumwekea mtu huyo "mchanjo wa sakafu" mezani ni kumtaka asahau neno analolijua vizuri kuliko mtunga istilahi.

Neno ninalolitetea ni msuko. Halihitaji kuelezwa, kwa sababu kusuka ni kazi inayoonekana kila mahali: nywele husukwa, mkeka husukwa, kitunga cha kubebea maharage husukwa. Msingi wa hoja yangu, hata hivyo, ni jinsi programu yenyewe inavyofanya kazi. Faili la misuko halina picha ya kigae hata kimoja. Ukiacha mstari wa jina, kila mstari wake wa maandishi una namba tano: pembe, mwanzo kwa mlalo, mwanzo kwa wima, msogeo na nafasi, kisha, penye mapengo, hufuata urefu wa kipande kinachochorwa na urefu wa pengo, pengo likitangulizwa alama ya kutoa. Programu huchukua mstari unaoelezwa hivyo kama uzi mmoja, ikaurudia ubavuni mwa uzi uliotangulia, ukiwa umesogea kidogo au haukusogea, mpaka eneo lijae. Mkeka wa pwani huzaliwa vivyo hivyo: ukili mmoja mrefu, yaani utepe uliosukwa, hushonwa ubavu kwa ubavu na kili nyingine. Paa la majani mapana katika nyumba za msitu wa Walikale lina kanuni hiyo hiyo, kwani jani la safu ya juu hufunika mwanya wa majani mawili ya safu ya chini. Safu za vigae vya milimita 300 kwa 150 zinazopishana nusu kwa nusu huandikwa kwa nyuzi mbili: uzi wa mlalo 0, 0, 0, 0, 150, na uzi wa wima 90, 0, 0, 150, 150, 150, -150. Aliyewahi kuezeka kwa majani ataijua ile 150 ya kwanza baada ya sifuri mbili bila kufundishwa: ndio msogeo unaoziba mwanya.

Tena msuko huja na jamaa zake. Anayeunda mchoro wake mwenyewe, ambao programu haikuja nao, anasuka. Anayeuweka juu ya eneo la sakafu anautandika, kama mkeka unavyotandikwa. Anayeuvunja ukawa mistari huru inayofutika mmoja mmoja anaufumua. Vitenzi vitatu vya Kiswahili safi vimepatikana bila kikao. "Mwanguo" hauzai kitu, na "ruwaza ya ujazo", inayopendwa na watu wa vyuo, haina kitenzi kabisa. Ruwaza ni neno zuri na sina ugomvi nalo, ila limeshabeba ruwaza za sentensi, za sauti na za takwimu. Likiongezewa sakafu litakuwa halisemi lolote mahususi.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza linasema nyuzi za mkeka hupita juu na chini ya nyingine, na mistari ya mchoro haifanyi hivyo. Kweli, lakini intaneti nayo tumeiita mtandao bila kudai kwamba ina nyuzi za wavuvi. Neno huchukua sifa moja ya kitu na kuiacha nyingine. La pili ni kwamba kusuka ni pia kutikisa, na maziwa husukwa mpaka yatoe siagi, jambo lisilopuuzwa katika Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini. Jibu ni kwamba jina msuko halijawahi kuhusu maziwa, na kitenzi hujulikana kwa kinachofuata. La tatu ndilo zito: mafundi wa Goma, Masisi na Walikale tayari wanasema hashuri, wakifuata hachure ya Kifaransa, kwa nini wasumbuliwe?

Wasumbuliwe kwa sababu hashuri ina sura mbili. Mwaka 1799 Johann Georg Lehmann, Msaksoni, aliweka utaratibu wa kuonyesha ukali wa mteremko kwa vistari vifupi vinavyonenepa pale mlima unapozidi kusimama. Kifaransa kinaviita navyo hachures. Katika nchi ya vilima kama Masisi ramani moja yaweza kubeba vistari vya mteremko na mistari ya kujaza eneo, na mambo hayo hayafanani: vya kwanza hufuata mlima na havijirudii kwa kipimo, ya pili hujirudia bila kujali mlima. Vya mteremko viitwe michirizi, na ya kujaza iitwe msuko. Hili lina uzito kwa wanaoishi juu ya madini. Sheria ya madini ya 2002 ilikuja na daftari linaloigawa nchi kwa miraba ya takriban hekta 85, na kwenye ramani za Bisie ya Walikale au Rubaya ya Masisi, eneo lililojazwa mistari linaweza kumaanisha leseni ya mtu au ardhi iliyofungwa. Maana imo katika ufunguo wa ramani. Chifu na mkulima wana haki ya kuusoma ufunguo huo kwa neno wanalolijua. Isitoshe, Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mchoraji wa Nairobi au Mwanza hataelewa hashuri, ilhali msuko ataupokea mara moja. Kahombo Mateene, mwanaisimu wa Wanyanga wa Walikale aliyeongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, alitetea lugha za Afrika zifanye kazi zote za dola. Ramani ni mojawapo ya kazi hizo.

Kuhusu kigae na karo sitabishana sana. Karo la Kivu latokana na carreau, mraba mdogo, na kigae asili yake ni kipande cha chungu kilichovunjika. Fundi aseme analolizoea, mradi kwenye mchoro aandike msuko wa vigae na kipimo chake kwa milimita. Waandaaji wa orodha nawaomba waufute mwanguo katika toleo lijalo, na mwalimu wa uchoraji aliyeko Masisi au Walikale asingoje toleo hilo.