Nanasi na Turufu

Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Kwangu mimi, urithi wa Wareno uliokita mizizi zaidi si ngome bali ni karata na matunda ya barazani kwetu kila Ijumaa alasiri. Kopa, shupaza, turufu na ree tulizipokea kwao, pamoja na hesabu yenyewe. Ree ina pointi 11, seti, yaani saba, 10. Kisha mzungu wa nne, yaani mfalme, wa tatu na wa pili, kila mmoja kwa pointi za jina lake. Jumla ni 120, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda. Mchezo wa Sueca huko Ureno una hesabu hiyo hiyo, na huko pia saba humla mfalme.

Karata zikichanganywa, dada yangu huwa anakata matunda. Nanasi, papai na pera asili yake ni Amerika, na merikebu za Wareno zilichangia sana kuyaeneza Bahari ya Hindi. Embe ni la India. Hukamulia ndimu, akatia chumvi na pilipili ya unga, nayo ya Amerika. Sukari hataki kuiona, nami namuunga mkono: embe dodo lililoiva halidai kitu. Waliofungwa ndio huosha sinia.